Pete Tatu za Keza

Saa tatu asubuhi ya Jumatano, Apollinarie alizimimina pete tatu kwenye kisahani cha chai kwa mara ya nne tangu kesi ianze, na kwa mara ya nne hakuelewa kitu.

Kazini hakuwa mgeni. Alikuwa OPJ, yaani afisa wa upelelezi, mjini Uvira kwa miaka kumi na sita. Ukimletea kesi ya mbuzi asubuhi, saa sita mchana anakuonyesha mwizi na kamba ya mbuzi. Mashine za mitumbwi, mabati ya kanisa, simu za sokoni, hayo yote aliyamudu. Vito ndivyo vilivyomshinda. Maisha yake yote hakuwahi kuvaa chochote zaidi ya pete ya ndoa, na hiyo nayo ilimkaba kidole mpaka akaitundika kwenye rozari. Akichanganyikiwa hula karanga, na sakafu ya ofisi yake wiki hiyo ilijaa maganda.

Pete zenyewe zilikuwa nyembamba, zimetengenezwa zivaliwe zote kwenye kidole kimoja, moja juu ya nyingine. Ya kwanza haikuwa na pambo lolote. Ya pili ilisokotwa kama kamba. Ya tatu ilikuwa na kikombe kidogo, na ndani ya kikombe palitakiwa pawe na lulu. Badala yake palikuwa na kitu cheupe kilichopauka, kidogo kuliko kikombe chenyewe, kama punje ya maharagwe iliyokaa sana ghalani.

"Mama," alisema Bertrand, karani wake, bila kuinua uso kwenye makaratasi. "Parquet banatuma mutu wao saa kumi. Saa arobaini na nane za kumufunga Keza zinaisha."

"Najua kuhesabu, Bertrand."

"Minye nakumbusha tu. Naona karanga zitaisha mbele ya kesi."

Apollinarie hakucheka. Nyuma ya ukuta wa ofisi, katika chumba cha mahabusu, alikuwa amekaa Keza, sonara wa mtaa wa Kasenga, mwanamke wa miaka ishirini na tisa aliyerithi karakana ya baba yake. Saa kumi ikifika bila jambo jipya kwenye faili, Keza angepelekwa parquet, kwa mwendesha mashtaka, na kutoka huko gerezani kungoja hukumu. Kungoja huko hakuna aliyejua huchukua muda gani. Na sonara aliyewahi kuitwa mwizi, hata akirudi, nani angempa tena dhahabu yake?

Habari yenyewe, ukiisimulia haraka, ilikuwa rahisi. Héritier, mkulima wa mpunga wa Bwegera, alimletea Keza hereni za marehemu mama yake. Zilikuwa mbili, lakini lulu ilibaki moja. Ya pili ilipotea siku za kukimbia vita. Keza aliyeyusha dhahabu, akaichanganya na shaba kidogo ili ipate wekundu wa waridi kama vijana wanavyopenda siku hizi, akatengeneza pete tatu za kupanga, na juu ya moja akaweka lulu iliyobaki. Ijumaa, Héritier alizipeleka mtaa wa Rugenge, nyumbani kwa mchumba wake Bella, mwalimu wa shule ya msingi. Watu walikula, wakapiga picha. Jumapili, familia ya Bella ilimrudishia pete pamoja na maneno makali: lulu imekuwa punje ya maharagwe. Jumatatu, Héritier, kwa hasira na aibu, akaja kushtaki.

Mbaya zaidi kwa Keza yalikuwa maelezo ya Jean-Berchmans, baba mkubwa wa Bella, aliyemlea tangu utoto. Mzee huyo alinunua na kuuza dhahabu ya milimani kwa miaka thelathini. Aliandikisha kwamba Keza alichukua shanga bandia, akaipaka rangi ya kung'aa, rangi ikadumu siku moja, na lulu ya kweli akaificha.

Maelezo yaliingia vizuri akilini. Ndiyo maana Apollinarie alisaini karatasi ya kumweka Keza ndani.

"Mulete," alimwambia Bertrand.

Keza aliingia akiwa amefunga kitenge kifuani kwa sababu ya baridi ya sakafu. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya moto. Hakungoja kuambiwa akae.

"Lulu iko wapi?" aliuliza Apollinarie.

"Mama OPJ, hii njo mara ya tano unaniuliza. Sijue."

"Hizi pete ni kazi yako?"

Keza aliinamia kisahani. "Mukono ni wangu. Ona hii kamba, hakuna mwingine anasokota hivi mu Uvira. Lakini rangi haiko yangu."

"Unaona? Jumatatu ulisema hivyo hivyo. Ni kazi yako ao haiko kazi yako?"

"Ni kazi yangu. Rangi haiko yangu. Minye nilitoa nyekundu. Hii inaenda ku njano."

Apollinarie alizitazama pete. Kwake zilikuwa nyekundu kiasi, njano kiasi. Mtu anayekubali mkono na kukana rangi, alifikiri, ni mtu anayetafuta tundu la kutokea.

"Niambie tena ulivyofanya. Polepole."

"Niliyeyusha. Nikavuta nyuzi, nikapinda, nikaunga na moto. Nikasafisha mu maji ya ndimu ya moto. Nikasugua. Kisha lulu na gundi. Baba alinifundisha lulu inawekwa mwisho. Moto, ndimu, asidi, hivyo byote mbele. Ukishaweka lulu, unafunga mukono."

"Kwa nini mwisho?"

"Sijue. Baba alisema mwisho, minye naweka mwisho." Kwa mara ya kwanza aliacha kutazama pete. "Mama, mama yangu iko peke yake ku nyumba. Haone vizuri. Mutanipeleka kweli?"

Apollinarie alikuwa na jibu, na hakulipenda. Alizirudisha pete kwenye bahasha, akachukua simu ya Héritier iliyokuwa kwenye faili kama kielelezo, akamwambia Bertrand aandike kwamba OPJ ametoka na vielelezo kwenda kwa mtaalamu. Halafu akapanda pikipiki kwenda Kasenga.

*

Mtaalamu aliyepatikana aliitwa Venant. Karakana yake ilikuwa nyumba ya tano kutoka ya Keza, na tangu Jumatatu wateja wa Keza walikuwa wanaishia kwake. Apollinarie alilijua hilo, akaingia na shaka yake mkononi.

Venant alitazama pete mara moja tu. "Shaba."

"Una uhakika?"

"Mama, ona ile rangi. Kasenga yote inasema ni shaba. Hata ku Rugenge, siku ya karamu, bibi za jirani balicheka: mukwe ameleta waya ya umeme."

"Kasenga yote haiko mashahidi wangu. Pima."

Venant alinuna, lakini alitoa jiwe lake jeusi la kujaribia dhahabu. Alisugua pete isiyo na pambo juu ya jiwe ikaacha mstari mwembamba, akafungua chupa ya asidi, akadondosha tone moja juu ya mstari. Wote wawili waliinama. Mstari ulikaa vile vile.

"Ingekuwa shaba ingekwisha," alisema Venant kwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu. "Ni dhahabu. Nzuri, tena."

Basi Keza hakuiba dhahabu. Apollinarie alifurahi kwa muda mfupi sana, kwa sababu jambo la pili alilomwomba Venant lilikuwa kuangalia kama lulu iliwahi kung'olewa.

Venant aliweka lenzi kwenye jicho, akageuza pete ya kikombe kwa kibano pande zote.

"Gundi haijaguswa," alisema mwishoni. "Ile kitu ina tundu chini, imesimama juu ya musumari mudogo, gundi imejaa pande zote. Ukikitoa, gundi inavunjika, na kuirudisha utaona kovu. Hapa hakuna kovu. Ile Keza aliweka, njo hii iko hapa."

"Hakuna mtu aliyebadilisha?"

"Hakuna."

Apollinarie aliwasha simu ya Héritier. Picha ya Ijumaa ilionyesha mkono wa Bella, kidole cha kati kimevaa pete tatu, na juu yake lulu inang'aa, imejaa kikombe mpaka ukingoni. Akatazama picha, akatazama punje. Kama hakuna aliyebadilisha, basi kitu kilichong'aa Ijumaa na kitu kilichopauka Jumapili ni kimoja. Yaani mzee Jean-Berchmans alisema kweli: shanga, rangi, rangi ikatoka. Saa kumi Keza angeondoka, na angeondoka kwa haki.

Hapo Apollinarie aligundua kwamba alikuwa amekuja akitaka, bila kujikubalia, yule mwanamke awe msafi.

"Nirudishie," alisema.

Venant alikuwa na haraka ya kumaliza. Aliinua pete, kiwiko chake kikagusa chupa iliyokuwa wazi, tone likaruka. Lilitua juu ya ile punje nyeupe, na punje ikatoa povu.

Lilikuwa povu dogo, lenye sauti ndogo kabisa, kama soda inayomiminwa chumba cha pili. Venant alishtuka, akaifuta kwa kitambaa.

"Pole, Mama. Haikuharibika sana."

"Usifute. Nini hiyo?"

"Sijue. Minye niko mutu wa dhahabu. Lulu sijagusa hata moja mu maisha yangu."

"Una shanga ya plastiki?"

Alikuwa nazo nyingi, za kutengenezea vikuku vya watoto. Apollinarie alimwamuru adondoshee moja. Tone lilikaa juu yake kimya. Akamwamuru adondoshee shanga ya kioo. Kimya. Akadondoshea doa la rangi kwenye meza. Rangi ilibadilika kidogo, lakini povu halikutoka.

Apollinarie alisimama mlangoni. Sasa alikuwa amechanganyikiwa zaidi ya asubuhi, na karanga hakuwa nazo. Mbele ya karakana palikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi, ule unaochotwa ziwani, umejaa magamba ya konokono wa Tanganyika kama kawaida yake. Alilitazama bila kuliona. Kisha akaliona. Keza alikuwa amewahi kumweleza, Jumatatu, wakati yeye Apollinarie hata hakuwa anasikiliza vizuri, kwamba lulu inatoka ndani ya gamba la mnyama wa majini, inakua ngozi juu ya ngozi kuzunguka mbegu ndogo.

Aliokota gamba moja, akalipeleka mezani.

"Dondosha."

Venant alidondosha. Gamba lilitoa povu lile lile, na kelele ile ile.

"Kumbe," alisema Venant.

"Kumbe nini? Usiseme kumbe kabla yangu." Apollinarie alivuta kigoda akakaa. "Hii punje ni ya ukoo wa gamba. Haiko plastiki, haiko kioo. Na asidi inaila. Nijibu sasa: hizi pete nyekundu, ukizitia zote ndani ya asidi, rangi inakuwaje?"

Venant alifikiri. "Dhahabu haiguswe. Lakini shaba ya juu, ile iko ku ngozi, asidi inaiondoa kidogo. Itabaki kuvuta ku njano."

Apollinarie alishika simu tena. Kwenye picha ya Ijumaa, pete zilikuwa nyekundu kama udongo wa matofali. Zilizokuwa mbele yake zilielekea njano. Pete zilikuwa zile zile, jua lile lile la Uvira, lakini rangi ilikuwa imeondoka, kama Keza alivyosema mara ya kwanza, na ya pili, na asubuhi hiyo.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini aibu ingengoja. Kulikuwa na swali moja: kati ya Ijumaa na Jumapili, nani alizitia pete katika asidi?

Alimpigia Bertrand. "Nisomee maelezo ya Papa Jean-Berchmans. Yote."

Bertrand alisoma. Mistari kumi na moja. Lulu, lulu, shanga, rangi, lulu.

"Wapi anasema habari ya shaba?"

"Haiko."

"Soma tena."

"Mama, haiko. Hajasema kitu juu ya dhahabu."

Venant, mfua dhahabu wa miaka kumi na minane, ameona wekundu uliobaki na kusema shaba. Majirani wameona na kucheka. Lakini mzee wa miaka thelathini ya dhahabu, aliyekuwa na hasira ya kutosha kumpeleka mtu gerezani, hakulalamikia ile rangi hata kwa neno moja, kama mtu aliyekwisha kupima.

"Waite," alisema Apollinarie. "Mzee, Bella, Héritier. Wawe hapo saa nane na nusu."

*

Walifika saa tisa, maana mzee Jean-Berchmans alisimama kwanza kupiga pasi koti lake. Alikaa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Bella alikaa nyuma yake, na Héritier alisimama karibu na dirisha, mikono imekunjwa. Kati ya Bella na Héritier palikuwa na kiti kitupu ambacho hakuna aliyekigusa. Dot, yaani sherehe ya mahari, ilikuwa imepangwa Jumamosi ya wiki hiyo, na mpaka wakati huo hakuna aliyejua kama ipo.

Apollinarie aliweka mezani kisahani chenye pete, simu, chupa ndogo aliyoazima kwa Venant, na gamba la konokono. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika kumi.

"Papa Jean-Berchmans, nakusalimu. Nina swali moja tu. Hizi pete ni shaba?"

"Hapana."

"Mtaa mzima unasema shaba."

"Mutaa haujue dhahabu."

"Weye ulijuaje?"

Mzee alitabasamu kidogo. "Mwanangu, miaka makumi tatu. Jicho."

"Leo nilikuwa kwa sonara. Jicho lake lilisema shaba mpaka alipopima. Jicho lako liliona nini lake halikuona?"

Fimbo ilizunguka polepole katikati ya magoti. 

"Papa, wakati ulinunua dhahabu ya milima, ulikuwa unaipokea kwa jicho?"

"Haiwezekani. Banakuletea mchanga, banakuletea shaba. Lazima uioshe."

"Na nini?"

"Na asidi. Muntu yote wa dhahabu anajua."

"Na hizi pete?"

Hapo Jean-Berchmans alimtazama Héritier, kwa mara ya kwanza tangu aingie, kisha akaangalia sakafu. Apollinarie hakungoja. Alifungua chupa, akadondosha tone juu ya gamba. Povu likatoka. Akageuza kisahani, akadondosha lingine juu ya ile punje ya kikombe. Povu likatoka. Kisha akaweka simu mbele ya mzee, picha ya Ijumaa, wekundu wa pete na lulu iliyojaa.

"Lulu ni gamba, Papa. Asidi haina rehema na gamba. Ngozi yake yenye kung'aa imekwisha, imebaki mbegu ya ndani, nayo ni gamba vilevile. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyepaka rangi. Ilikaa ndani dakika ngapi?"

Mzee aliinamia kisahani. Mshangao wake ulikuwa wa kweli. Hata Bertrand aliacha kuandika.

"Dakika kumi," alisema Jean-Berchmans taratibu. "Kumi tu, Jumamosi, ku nyumba yangu. Niliona inachemka. Nikasema, ah, asidi imeitambua, ni ya uongo. Sababu kitu ya kweli haichemke. Miaka yote nilifanya hivi, Mama. Ya uongo inachemka, ya kweli inabaki. Niliona njo ukweli umetokea." Aliukamata mkono wake mwenyewe. "Kumbe niliichoma minye?"

"Wewe."

"Basi mufungue yule mwana. Mumufungue sasa hivi."

"Nitamfungua ukisaini. Andika hapa: Jumamosi, nyumbani kwangu, nilizitia pete ndani ya asidi."

Kalamu ilifika karibu na karatasi na kusimama. Mzee alishusha sauti, ingawa chumba kilikuwa kidogo na Héritier alikuwa hatua tatu tu.

"Mama OPJ, unajua vile inaonekana. Mukwe analeta zawadi, weye unaipima nyuma ya mugongo wake. Ni kumwambia weye ni mwizi. Andika 'mutu wa familia'. Bila jina."

"Parquet hawafungui mtu kwa jina la mtu wa familia. Saa tisa na nusu, Papa."

"Jina langu likiandikwa, ile dot imekufa."

"Na lisipoandikwa, Keza analala gerezani."

Kalamu haikusogea. Apollinarie aliitazama, akahisi hasira na huruma vikisukumana, na hakujua kipi kilikuwa na haki zaidi. Alikuwa na ukweli wote juu ya meza na bado haukuwa na thamani bila mkono wa mzee mmoja mwenye koti la pasi.

"Acha, Papa Mukubwa," alisema Bella.

Alikuwa amesimama. "Hakuzichukua yeye. Ni minye nilimupelekea. Mama OPJ, andika jina yangu mbele."

"Bella, kaa," alisema mzee.

"Sitakaa. Ijumaa balinicheka. Walimu benzangu, jirani, bote. Balisema mukulima wa Bwegera amekuletea waya, na weye unacheka nayo tu. Jumamosi asubuhi nikaivua nikamupelekea Papa Mukubwa, nikamwambia pima. Nilitaka kujua." Alimgeukia Héritier, machozi yakianza. "Nilitaka kujua kama unanidanganya."

Héritier hakusogea dirishani. Alikuwa mtu mwenye sauti nzito, lakini iliyotoka ilikuwa nyembamba.

"Ile ilikuwa heleni ya mama yangu."

"Sikujua."

"Haukuuliza. Ungeuliza tu, Bella. Hata kwa simu. Rangi ni ya nini, dhahabu ilitoka wapi. Ningekuambia byote. Nilikuwa nangojea uniulize, nikuambie habari yake."

Bella alichukua kalamu mkononi mwa baba yake mkubwa, akasaini. Kisha akamrudishia, na mzee naye akasaini, herufi kubwa, jina lote mpaka la ubatizo. Bertrand alipiga muhuri. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na nane.

*

Keza alipoletwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba pete. Aliishika ile ya kikombe karibu na jicho, akasikiliza Apollinarie akieleza habari ya asidi. Akatikisa kichwa.

"Njo sababu baba alisema mwisho," alisema. "Hakujua kuniambia ni juu ya nini. Alisema mwisho tu."

Héritier alimkaribia, kofia mkononi. "Yaya Keza, dada yangu, nilikushtaki bule. Unisamehe."

"Siku mbili, Héritier. Nililala ku simenti siku mbili. Nitakusamehe, lakini haiko leo."

"Sawa." Akaionyesha punje kwa kidole. "Ile imebaki, inaweza kutoka? Uweke nyingine?"

"Inaweza. Lakini hii njo lulu ya mama yako. Hii mbegu ilikuwa ndani yake siku zote, ni nguo tu imevuliwa. Weye njo utasema."

"Minye nitaivaa hivyo," alisema Bella kutoka nyuma.

 Héritier alizitazama pete tatu. Aliichukua isiyo na pambo, na ile ya kamba, akaziweka kwenye kiganja cha Bella, akakifunga kiganja kwa vidole vyake mwenyewe. Ile ya kikombe aliitia katika mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo. Akatoka. Bella alimfuata mpaka mlangoni, akasimama, akaangalia pikipiki ikiondoka kuelekea barabara ya Bwegera, ngumi yake ikiwa bado imefungwa. Mzee Jean-Berchmans alipompita, alimwekea koti lake mabegani.

"Unaweza kwenda, Keza," alisema Apollinarie. "Mama yako yuko uani. Bertrand alimtumia mtu."

Keza hakwenda. "Naomba nisome ile PV ya Jumatatu."

Hilo lilikuwa haki yake. Bertrand alimpa ile karatasi ya maelezo. Keza alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na kidole kikasimama karibu na mwisho.

"Hapa mumeandika: mtuhumiwa anakana kuwa pete ni kazi yake. Sikukana, Mama OPJ. Nilisema rangi haiko yangu. Nilikuambia siku ya kwanza."

"Uliniambia."

"Sasa, juu ya nini haukuandika?"

Apollinarie angeweza kusema kwamba kesi zilikuwa nyingi, kwamba yeye si mtu wa vito, kwamba maelezo ya mzee yalikuwa mazuri mno. Yote yalikuwa kweli. Maganda ya karanga yalilia chini ya kiatu chake.

"Sababu nilikuwa nimeshaamua weye njo mwizi," alisema. "Nilikuwa nasikiliza mwizi akisema."

Keza alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakulia.

"Basi andika ile."

Saa ya ukutani ilisema kumi kamili. Nje, mjumbe wa parquet alikuwa anateremka kwenye pikipiki, akikung'uta vumbi kwenye suruali. Apollinarie alivuta karatasi mpya, akaandika tarehe, akaandika jina lake mwenyewe, akaanza. Mlango ulikuwa wazi, na uani bibi kizee asiyeona vizuri alikuwa anaita jina la binti yake. Keza alimwitikia, "Niko hapa, Mama, nakuya," lakini hakutoka, alibaki amesimama kando ya meza akisoma kila neno lilivyokuwa linaandikwa, mpaka la mwisho.